Jinsi ya kutembelea magofu ya Tipaza, Algeria, bila kuishia kuona mawe tu

Tipaza ni mji mdogo wa pwani kama kilomita 70 magharibi ya Algiers, bahari ya Mediterania upande mmoja na mlima Chenoua upande wa pili, na katikati yake kuna mji mwingine wa zamani umelala chini ya mizeituni. UNESCO waliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1982. Watu wengi wanaoenda pale wanapiga selfi kwenye nguzo mbili tatu, wanakula samaki bandarini, wanarudi Algiers, na ukiwauliza wameona nini wanakwambia magofu ya Warumi, basi. Sio kosa lao, mana mle ndani vibao ni vichache, vilivyopo vina maneno mawili ya Kifaransa yaliyopauka na jua, na hakuna mtu anayekushika mkono kukwambia hapa palikuwa soko na hapa mahakama. Kwa hiyo haya nayoandika ni ya kukusaidia uweze kuusoma huo mji mwenyewe kwa miguu.

Tuanze na mambo ya safari tuyamalize haraka. Viza unaombea ubalozini kabla ya kusafiri na uanze mapema, wanataka makaratasi. Kutoka Dar au Nairobi watu wengi wanapitia Cairo, Istanbul au Doha. Ukishakuwa Algiers kuna mabasi na taksi za kushea zinazoelekea magharibi, ila mimi nakushauri kama mko watatu au wanne kodisheni gari na dereva kwa siku nzima, sababu vitu vitatu vya muhimu havipo sehemu moja na usafiri wa kuunganisha utakula muda wako wote. Hivyo vitu ni kaburi la kifalme, ambalo ukitokea Algiers unalikuta kabla ya kufika Tipaza, halafu magofu yenyewe ya Tipaza, halafu Cherchell ambayo iko mbele zaidi kama nusu saa hivi na ushee. Pasipoti tembea nayo, vizuizi vya polisi barabarani ni jambo la kawaida tu wala usipanik. Droni iache nyumbani kabisa, forodha wanaishika uwanja wa ndege. Na usielekeze kamera kwa polisi, jeshi au majengo yao, hilo halina mjadala.

Msimu mzuri ni Machi mpaka Mei. Maua yapo, pakanga imejaa kila mahali na ukiipita inanukia mpaka kwenye nguo, jua halijawa kali. Julai na Agosti joto linaumiza na nusu ya Algiers imehamia ufukweni. Wikiendi kule ni Ijumaa na Jumamosi, na Ijumaa hasa mchana vitu vingi vinafungwa kwa ajili ya swala kisha jioni familia zinajaa, kwa hiyo nenda katikati ya wiki. Ramadhani unaweza kwenda, magofu ni yaleyale, ila jua kwamba mchana huli bandarini.

Sasa mpangilio wa siku. Watu wengi wanakimbilia Tipaza moja kwa moja, mimi nasema hapana, anza na kaburi, nenda Cherchell, halafu Tipaza iwe ya mwisho kuanzia saa tisa mchana. Sababu ni kwamba hadithi ya eneo lote lile inaanza na watu wawili, na ukiwajua hao wawili mawe yanaanza kuongea.

Wa kwanza ni Juba II. Baba yake Juba I alikuwa mfalme wa Numidia, ufalme wa kale wa Afrika Kaskazini, akashindwa vita na watu wa Julius Caesar, akafa, na mtoto wake akiwa bado mdogo sana akapelekwa Roma na kutembezwa kwenye gwaride la ushindi mwaka 46 KK. Wa pili ni Cleopatra Selene, binti wa yule Cleopatra wa Misri unayemjua na jemadari wa Kirumi Mark Antony. Naye wazazi walipokufa akapelekwa Roma, akalelewa na Octavia, ambaye alikuwa mke aliyeachwa na huyohuyo Antony, hebu fikiria nyumba hiyo ilivyokuwa. Watoto wawili wa maadui wa Roma wamekulia Roma, wakaozeshwa, na mwaka 25 KK mfalme mkuu Augustus akampa Juba ufalme wa Mauretania, ambayo sio Mauritania ya leo, ni hii pwani ya Algeria na Moroko. Makao yao makuu yakawa mji ulioitwa Iol, wakaubadilisha jina ukawa Caesarea, na ndio Cherchell ya leo.

Juba alikuwa mtu wa vitabu kuliko wa upanga. Aliandika kuhusu Arabuni, kuhusu mimea, kuhusu kila kitu, na mwandishi wa Kirumi Pliny anatuambia Juba alishikilia kwamba mto Nile unaanzia kwenye mlima huko Mauretania kwake. Watu wa Jinja, Uganda, pale Nile unapotoka Ziwa Viktoria, mnaruhusiwa kucheka. Ila kuna kingine ambacho hatukicheki: alipata mmea fulani wenye utomvu, akaupa jina la daktari wake Euphorbus, na mpaka leo wataalamu wa mimea wanaliita kundi hilo lote Euphorbia. Yale minyaa tunayopandia ua kijijini, ukikata tawi yanatoa maziwa yanayochoma macho, yamo kwenye kundi hilo. Yaani ua wa bibi yako una jina la daktari wa mfalme wa Algeria wa miaka elfu mbili iliyopita.

Kaburi

Lipo juu ya kilima karibu na Sidi Rached, unaliona ukiwa bado mbali barabarani, duara kubwa la mawe kama kichuguu. Upana wake chini ni kama mita 60 na urefu unazidi mita 30 hata baada ya kilele kubomoka. Wenyeji wanaliita Kbour er-Roumia, Wafaransa waliliita kaburi la mwanamke Mkristo, na chanzo cha jina hilo la Kifaransa utakiona mwenyewe ukilizunguka: kuna milango minne ya uongo, mawe makubwa yaliyochongwa kama mlango, na mistari yake inakatana kama msalaba. Halina uhusiano na Ukristo, lilijengwa kabla. Mwandishi wa Kirumi Pomponius Mela alilitaja kama kaburi la pamoja la ukoo wa kifalme, na wengi wanaamini ni la Juba na Selene.

Jinsi ya kuliangalia: usisimame mbele ukapiga picha ukaondoka. Lizunguke lote taratibu, hesabu nguzo zilizoshikana na ukuta, zilikuwa 60, vichwa vyake vina mikunjo kama pembe za kondoo, hiyo ni staili ya Kigiriki. Halafu rudi nyuma uangalie umbo zima. Kichuguu cha mawe cha duara ni namna ya Waamazigh wenyewe ya kuzika wakubwa, wenyeji wa pale kabla ya Mrumi yeyote. Kwa hiyo mwili wa kaburi ni wa Kiafrika na nguo ya nje ni ya Kigiriki. Ndivyo na wenye kaburi walivyokuwa.

Upande wa mashariki mlango wa uongo umeharibika, ulipigwa kwa mizinga ya kivita enzi za Waturuki, watawala wa Algiers walidhani ndani kuna hazina. Kuna hadithi kwamba karne ya 16 pasha Salah Rais aliweka vibarua wabomoe, wakatokea manyigu meusi wakawatimua. Mlango wa kweli uligunduliwa 1866 na Adrien Berbrugger na wenzake, upo chini kabisa ya mlango wa uongo wa mashariki, ndani kuna korido ndefu inayozunguka mpaka vyumba viwili katikati, na vyumba walivikuta vitupu. Wageni hawaingizwi ndani, usimsikilize mtu anayekuahidi kukuingiza kwa hela.

Cherchell

Cherchell magofu yake yamebanwa na mji wa sasa, theatre iko kati ya nyumba za watu, kwa hiyo usitegemee bustani. Unaenda kwa ajili ya jumba la makumbusho, lile la zamani lililoko kwenye uwanja wenye miti mikubwa ya kivuli. Masanamu ya pale ni kiwango cha Roma yenyewe, Juba na mkewe walikuwa na hela na walikuwa na jicho. Tafuta kipande cha sanamu ya Kimisri cha farao Thutmose I. Farao anafanya nini Algeria? Hapo ndio unamkumbuka Selene, binti wa Alexandria aliyeletwa kuolewa ugenini. Hakuna anayeweza kuthibitisha ni yeye aliyekileta, ila mimi nikikitazama hainipi shida kuamini.

Halafu angalia mozaiki za wakulima, yaani picha zilizopangwa kwa vijiwe vya rangi, hizo zinapendwa na kila mtu anayetoka shamba. Watu wanalima kwa ng'ombe, wanapanda mbegu, wanapalilia mizabibu, wanainama vilevile tunavyoinama. Ukimaliza hapo kula kitu chepesi, rudi Tipaza. Kama una gari na una muda, dereva wengi wanaujua mfereji wa maji wa Kirumi huko bondeni kabla ya mlima, matao ya ghorofa tatu yaliyopeleka maji Caesarea.

Tipaza yenyewe

Sasa ndio tumefika. Lipia getini kwa dinari taslimu, bei ni ya kawaida kabisa, na jumba dogo la makumbusho lililo hapo jirani tiketi yake ni tofauti. Anza na makumbusho japo ni chumba kidogo, kwa sababu ya kitu kimoja ukutani: mozaiki ya mateka. Katikati kuna mwanaume amefungwa mikono nyuma, mke wake yupo pembeni, mtoto yuko kati yao. Kuzunguka kumepangwa vichwa vya watu, nyuso za Kiafrika za aina mbalimbali, kila mmoja na nywele zake. Isogelee. Yule baba macho yake hayakutazami, yanaangalia pembeni. Vijiwe vya kivuli chini ya macho vimepangwa na fundi aliyejua kazi yake. Hiyo mozaiki haikuwa pambo la sebuleni, ilikuwa sakafuni kwenye mahakama ya mji, upande ule wa kichwa cha ukumbi ambapo hakimu alikaa. Yaani mshtakiwa mwenyeji anaingia, kabla hajafungua mdomo ameshaona chini pale waliobisha walivyofanywa. Ibebe hiyo picha kichwani mana baadaye utasimama palepale ilipokuwa.

Ukiingia ndani ya bustani jambo la kwanza tafuta barabara. Hii ndio siri ya mji wowote wa Kirumi, usiangalie kuta kwanza, kuta zinachanganya, angalia chini miguuni. Mji una barabara kuu mbili, moja ya mashariki kwenda magharibi na nyingine inayoikata kuelekea baharini, na ukishazijua hizo hupotei tena. Ile ya mashariki–magharibi imetandikwa mabamba ya mawe, pana kweli, ilikuwa kipande cha njia kuu ya kutoka Icosium, ambayo ni Algiers, kwenda Caesarea uliyotoka asubuhi. Kwa hiyo wewe na msafiri wa karne ya pili mko barabara moja.

Kulia kwako karibu na mwingilio kuna uwanja wa mapigano, uzio wa duara-yai umezama kwenye miti, sehemu kubwa kumebaki tumbo tu la uwanja. Usipoteze muda mrefu hapo. Mbele kidogo mahekalu mawili yanatazamana pande mbili za barabara, wataalamu wenyewe hawajui moja lilikuwa la mungu gani na wakaliita tu hekalu lisilo na jina, napenda uaminifu wa namna hiyo. Shika ile barabara inayoshuka baharini.

Jambo la pili tafuta maji na hela. Mji ulikula nini, ulinywa nini, ulipata wapi pesa. Ukishuka kuelekea maji utaona mashimo ya mraba yaliyopigwa lipu, hayo sio mabafu, ni matangi ya garum, mchuzi wa samaki waliochachushwa kwa chumvi juani kwa muda mrefu, Warumi walikuwa hawali bila huo. Simama hapo ufikirie harufu. Na ona nyumba ya tajiri ilivyojengwa hatua chache tu kutoka hapo, ile inayoitwa villa ya michoro kwa sababu kuta zake zilikuwa zimepakwa rangi, imekaa juu ya maji kabisa, vyumba vinatazama bahari. Kipande chake bahari imeshakichukua. Hilo jambo la bahari kula kuta sisi tunalijua Kilwa Kisiwani, na hata orodha ya hatari ya UNESCO wamepitia wote, Tipaza 2002 mpaka 2006, Kilwa 2004 mpaka 2014.

Upande wa maji ya kunywa nenda mpaka magharibi karibu na theatre, kuna kitu kama ukuta wa nusu duara wenye ngazi za marumaru, kibao kinasema Nymphée. Hilo lilikuwa bomba la umma la mji, maji yalikuja kwa mfereji kutoka milimani yakamwagika hapo barabarani, mabinti wakachota. Theatre yenyewe imebaki kama kinywa kilichong'olewa meno, sababu karne ya 19 Wafaransa waling'oa mawe yake wakajengee hospitali ya Marengo, leo panaitwa Hadjout. Inaudhi.

Jambo la tatu tafuta nani alikuwa bosi. Panda kile kilima cha rasi kuelekea mnara wa taa, hapo ndio makao ya serikali: uwanja wa mji, hekalu kuu, baraza, na mahakama. Simama kwenye ule upinde wa ndani ya mahakama. Chini ya miguu yako ndipo mateka walipokuwa. Hakuna kibao cha kukwambia, ndio mana nimekuanzisha makumbusho.

Halafu vuka uende kilima cha magharibi uone bosi aliyefuata, yaani kanisa. Basilika kuu ni kubwa kupita mahitaji ya mji wenyewe, ilifikia safu 9 za ndani, moja ya makanisa makubwa ya Afrika Kaskazini wakati ule. Kuta nyingi zimelala, ila matao machache yamesimama na nyuma yake Chenoua na bahari, ndipo wapiga picha wote wanaishia. Nje ya ukuta wa mji, ambao ulizidi kilomita 2 kuuzunguka, kuna makaburi mamia kwa mamia, majeneza ya mawe yametapakaa mpaka ukingoni mwa maji.

Kwenye hii pande ya magharibi kuna jiwe la kumbukumbu la mwandishi Albert Camus, aliyeupenda mji huu na kuuandika, marafiki zake walilisimamisha 1961. Mgeni wa Kifaransa atakuuliza kama umeliona, sasa unajua lipo.

Watu wengi hapa wanamaliza. Wewe toka, vuka bandari. Pale bandarini angalia lile bonge la jiwe la mraba lenye mlango mdogo, ni kaburi la Wafinisia, wafanyabiashara waliokuwa pale karne nyingi kabla ya Warumi, walitia nanga kwenye bandari hiihii. Endelea mpaka kilima cha mashariki kwa mtakatifu Salsa, uliza kwanza getini kama upande huo uko wazi siku hiyo. Salsa kwa mujibu wa simulizi alikuwa binti wa miaka 14, Mkristo, mji bado unaabudu nyoka wa shaba. Siku ya sikukuu watu wamelewa wamelala, akaingia akamkata yule nyoka kichwa akakitupa baharini. Akarudi kummalizia kiwiliwili, wakamkamata, wakamuua wakamtupa yeye baharini. Nahodha mmoja kutoka Gaul akaokota mwili, ukazikwa hapo juu, na kanisa likajengwa juu yake. Baadaye Firmus, mkuu wa Kiamazigh aliyeasi dhidi ya Roma, alipouzingira mji karne ya nne akashindwa kuuingia, na watu wakasema ni Salsa. Karne ya tano wakaja Wavandali, watu kutoka Ulaya walioiteka Afrika Kaskazini. Mwaka 484 mfalme wao Huneric akaleta askofu wa madhehebu yake, wengi wa mji wakapanda vyombo wakakimbilia Hispania, waliobaki wakakataa kumfuata huyo askofu, na waandishi wa wakati ule wanasema walikatwa ndimi na bado wakaendelea kuongea. Amini usiamini, ila baada ya hapo mji haukuwahi kurudi kama zamani.

Kuanzia saa kumi na moja jua linapiga mawe kwa pembeni na rangi yake inabadilika kuwa ya asali, hapo ndio upige picha zako. Vaa raba zenye kushika, mawe ya ukingoni yanateleza na hakuna uzio sehemu nyingi. Usiokote kigae hata kidogo kiasi gani, kutoa vitu vya kale nchini ni kosa na mizigo inakaguliwa. Vijana na wachumba wamekaa kwenye vivuli kila kona, salimia, pita, usiwapige picha.

Bandarini samaki wanapimwa kwa kilo, kwa hiyo uliza bei ya kilo kabla hajaenda jikoni, dagaa wakubwa wa kuchoma wale wanaoita sardini ndio rahisi na ndio watamu kuliko kamba wa bei mbaya. Kiarabu chetu cha madrasa hakikufikishi mbali, lahaja yao ni nzito, Kifaransa cha kuombea maji kinatosha, na ukitaja unatoka Tanzania au Kenya kuna mzee atataka mzungumze mpira.

Hela: kadi za benki za nje hazina kazi sana nje ya hoteli kubwa, beba yuro taslimu. Bei ya benki na bei ya mtaani zimeachana sana na utawaona watu wengi wakibadilisha mtaani, kisheria hairuhusiwi, hapo uamuzi ni wako. Ila badilisha kidogo kidogo, dinari ukitoka nayo haibadilishiki kirahisi nje ya Algeria, na usiku wa mwisho utajikuta unanunua tende na mafuta ya zeituni kwa kilo ili tu uzimalize.